Maziwa ya Mheshimiwa

Mama mkwe wangu alipika kwenye jiko la hospitali maisha yake yote ya kazi, na sijui ni wagonjwa wangapi walipona kwa dawa na wangapi walipona kwa kuukimbia uji wake. Yeye husema hakuna mtu aliyewahi kufa kwa chakula chake. Huenda ni kweli, ila hospitalini watu wana sababu nyingine nyingi za kufa, kwa hiyo ushahidi hautoshi.

Mtaani wanamwita Mama Mwiko. Ni mfupi, mpana, na ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na masufuria. Siku aliyostaafu wenzake walimpa saa kubwa ya ukutani. Akaibeba hadi mnadani, akarudi na kondoo jike.

"Saa ingekaa ukutani kunikumbusha kwamba nazeeka," alituambia. "Huyu walau atanipa mbolea."

Kondoo yule alizaa, waliozaliwa nao wakazaa, na sasa nyuma ya nyumba kuna banda la mabati lenye kelele kama kikao cha ukoo kinachogawana shamba.

Mimi na mke wangu tunaishi naye tangu watoto wetu waende kujitegemea. Wenye midomo husema mimi ndiye niliyeolewa. Siwajibu. Kwanza mimi si mwepesi wa maneno, pili paa la nyumba ile halivuji. Natengeneza baiskeli barazani, karibu na dirisha la jiko, kwa hiyo kila linalosemwa jikoni linanifikia hata nisipolitaka.

Mkasa huu ulianza siku kondoo dume alipomkumba Mama kwa nyuma akiwa amebeba ndoo. Alianguka, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Kwenye hospitali yake ya zamani walimfunga plasta hadi kiwikoni. Alirudi nyumbani analalamika, si kwa maumivu, ila kwa uji waliompa kule.

"Una mabonge! Nimeondoka juzi tu, jiko limeshaharibika."

Habari zilimfikia mwanawe wa kwanza, shemeji yangu, afisa katika ofisi ya maji mjini. Ni mtu mwema, lakini huongea kama tangazo la kukatiwa maji. Alikuja na begi dogo, akakaa kwenye kochi, akakohoa kidogo.

"Mama, mimi na mkeo tumeshauriana." Kwa Mama, mke wa mwanawe naye ni mke wake, wa kumtania. "Kuna chumba pale kwangu. Ghorofa ya nne, hewa safi, huna la kufanya."

"Lifti?"

"Inatengenezwa."

"Ilikuwa inatengenezwa ulipooa."

"Mama, hawa kondoo watakuua."

"Afadhali wao. Ngazi zako zitaniua na bado nitatakiwa kusema asante."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mke wangu alikuwa upande wa mama yake kwa mdomo na upande wa kaka yake kwa macho. Niliona hivyo, nikachukua pampu nikatoka nje.

Asubuhi iliyofuata kondoo mzee, yule aliyebadilishwa kwa saa, akazaa. Alijitahidi sana, mtoto akatoka salama, lakini mama mtu akalala ubavu na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Macho yake yalishaanza kutazama mbali.

"Mkwe wangu, mkamue!" Mama akapiga kelele. "Mkamue kabla hajaondoka! Akienda nayo, mtoto kwisha!"

Alikuwa anasema dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, ambayo mtoto asipoyapata hata umlishe asali hatakuwa na nguvu ya kupigana na ugonjwa. Mimi si mkamuaji. Vidole vyangu vinajua vali na mnyororo. Lakini yeye alikuwa na mkono mmoja, mke wangu alikuwa analia, na shemeji alikuwa amevaa suruali ya kazini. Nikakamua, nikapata kikombe, tukamnywesha mtoto kwa kijiko. Kabla jua halijawa kali mama yake alikata roho.

Tulimzika nyuma ya choo bila hotuba. Shemeji alivua kofia kwa heshima.

"Vaa kofia yako," Mama akamwambia. "Utaumwa kichwa bure, na yeye hakuoni."

Ndipo shemeji akasema neno ambalo afadhali angelimeza. Alimtazama yule mwanakondoo aliyekuwa anatetemeka ndani ya kanga kuukuu, akatikisa kichwa. "Mama, huyu hafiki popote. Hana mama, na wewe huna mkono."

"Akifika?"

"Akifika wapi?"

"Akifika kula majani kwa meno yake mwenyewe."

Shemeji akacheka. "Akila majani, sitataja ghorofa tena mpaka nife."

"Na akifa yeye?"

"Unauza hawa wengine, unafunga virago, tunaondoka wote."

Mama akatoa mkono wa kushoto. Wakashikana. Mke wangu akaacha kulia hapo hapo, maana alimjua mama yake: hajawahi kuvunja ahadi, hata ya kijinga. Shemeji naye alikuwa na likizo aliyoilimbikiza, akatangaza kwamba ataimalizia kwetu ili pasiwe na udanganyifu. Alipewa kochi la sebuleni. Mwanakondoo, kwa kuwa alihitaji joto, alipewa boksi la kadibodi pembeni ya kochi hilo hilo. Mama ndiye aliyepanga vyumba.

Sasa ikaja kazi ya maziwa. Mke wangu alimpigia simu daktari wa mifugo, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Daktari, mwanamke mwenye haraka, alieleza kwamba maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno kwa kondoo, kwa hiyo lazima yaongezwe nguvu. Maziwa halisi, kiini cha yai, kijiko cha mafuta ya kula, glukosi kidogo. "Chemsha maziwa peke yake, yaache yapoe yawe vuguvugu, ndipo utie yai na—"

"Nimeelewa," Mama akasema. "Nimepikia watu wodi nzima, mwanangu, sishindwi na kondoo mmoja." Akakata simu.

Tatizo la Mama ni kwamba kule hospitalini alikuwa na sheria moja: kitu kisichochemka hakivuki mlango wa jiko lake. Sheria hiyo haikustaafu pamoja naye. Aliniamuru nipige yai, nimimine kwenye maziwa, nitie mafuta, kisha akabandika sufuria motoni na kukoroga kwa mkono wa kushoto huku anaimba. Ilipochemka alionja, akatia chumvi kidogo. Alionja tena, akatikisa kichwa, akatafuta iliki. Mke wangu akaificha.

Tukamimina kwenye chupa ya soda. Chuchu ya chupa nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, imekaza vizuri. Mwanakondoo akaipokea kwa furaha, akanyonya hadi macho yakamtoka, na kiwango cha chupa hakikushuka hata kidogo. Mama akafungua dirisha.

"Mkwe wangu!" akaita kwa ile sauti ya masufuria. "Njoo, chuchu yako imeziba!"

Wanawake wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Mmoja akaniangalia kifuani. Niliingia ndani na spoku mkononi, masikio yanawaka, nikazibua ile chuchu. Kilichotoka kilikuwa yai lililoiva.

Shemeji alichungulia ndani ya sufuria. "Mama, umempikia kastadi."

"Basi kula wewe."

Akala. Alitia sukari, akakwangua sufuria, akasema si mbaya.

Mara ya pili tulifuata maneno ya daktari: maziwa yakachemshwa peke yake, yakapozwa, yai baadaye. Mama alijizuia kwa kukaa juu ya mkono wake mzima. Lakini baada ya siku chache mwanakondoo alibaki mwembamba, mbavu zinahesabika. Mama akachovya kidole kwenye maziwa mabichi, akakilamba, akasimama. Alikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe.

Huyu jirani ni mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu, na maziwa yake samaki angeweza kuishi ndani. Mama alimkuta anakamua.

"Mzee, leo nimekuja kuombea ng'ombe wako."

"Ana nini, Mama?"

"Anatoa maji. Nadhani ana huzuni."

Alisimama pale hadi ndoo ikajaa, akapimiwa kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo, na kila asubuhi baada ya hapo akawa anakwenda na kigoda chake. Mzee alipunguza sala, maziwa yakawa mazito.

Hapo ndipo mwanakondoo alipoanza kuwa mtu. Tumbo likawa imara, sufu ikajikunja, mkia ukawa unazunguka kama feni kila akiona chupa. Sauti nayo ilikuja. Alilia asubuhi, alilia mchana, alilia ukipita, alilia usipopita. Mke wangu akampa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa anapiga kelele siku nzima bila kusema neno na anashiba bila kufanya kazi. Shemeji alikasirika kidogo. Alisema yeye ni mtumishi wa umma na utani huo unavunja heshima ya kazi.

"Basi acha kumwitikia akilia," Mama akamwambia.

Amri ya Mama ilikuwa moja. Chupa anaitoa yeye, kwa kipimo chake, kidogo kidogo mara nyingi, na asitokee mwingine wa kumpa kitu. "Tumbo lake ni dogo kama kikombe. Anayemwongezea anamchimbia kaburi. Mmesikia?" Akanitazama mimi. Sijui kwa nini watu wakitoa onyo humtazama aliye kimya.

Basi asubuhi moja hatukusikia kelele. Nilikuwa nafungua mlango wa baraza, nikadhani Mheshimiwa amelala. Mke wangu akaingia sebuleni, akatoka haraka mkono mdomoni.

Alikuwa amelala ubavu ndani ya boksi, tumbo limevimba na kukaza kama mpira uliojazwa pumzi kupita kiasi. Ukiligonga kwa kidole linalia ngoma. Nyuma yake kulikuwa kumechafuka kwa majimaji ya njano. Alipumua kwa shida, na alipoona chupa mkia haukutikisika.

Mama akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya tumbo lile. Shemeji alisimama nyuma yake na kaptula ya kulalia, uso umemshuka. Nilidhani anapiga hesabu za kuhamisha mizigo.

Daktari alikuja kwa pikipiki, anatafuna andazi. Akakaa sakafuni, akambonyeza Mheshimiwa tumboni, akamnusa mdomo.

"Amekunywa nini?"

"Kilekile," Mama akasema. "Kipimo kilekile ulichosema. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa."

"Hapana, Mama. Hili si tumbo la kipimo. Hili ni tumbo la harusini."

Mama akageuka polepole. Akanitazama.

"Mkwe wangu."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema. "Unapita pita na spoku yako. Umempa nini mtoto?"

"Mama, si yeye," mke wangu akadakia. Akaanza kukunja ncha ya kanga yake. "Ni mimi. Jana mchana. Kidogo tu! Alinitazama."

"Alikutazama?"

"Alinitazama vile anavyotazama, Mama. Unamjua."

Daktari akameza andazi. "Kidogo kiasi gani?"

"Nusu chupa. Na juzi. Na ile siku ya mvua."

"Haya, huyo mmoja. Mwingine?"

Mama akakohoa. Akajikuna chini ya plasta kwa kijiti.

"Sasa, mimi ndiye mwenye kipimo," akasema. "Mwenye kipimo akiongeza tone la baraka asubuhi kabla hamjaamka, hiyo haihesabiki kama kuongeza."

"Mama!"

"Alikuwa mwembamba!"

"Alikuwa mwembamba wakati wa maziwa ya mzee wa kanisa," mke wangu akasema. "Sasa hivi ana kidevu cha pili."

"Bado haitoshi," daktari akasema. Alikuwa ananusa tena. "Hawa ni wawili. Tumbo hili limelishwa na watatu, na huyu wa tatu ametia kitu kitamu. Ananukia maziwa ya kopo."

Mimi situmii maziwa ya kopo. Katika nyumba ile anayetumia ni mmoja, alikuja nayo kwenye begi, anayaweka nyuma ya kochi ili tusimwombe.

Shemeji alikuwa anaangalia dari.

"Wewe?" Mama akasema.

"Analia alfajiri, Mama. Analia masikioni mwangu. Ninyi mko vyumbani, mimi ndiye ninayelala naye."

"Wewe ndiye unayetaka afe!"

"Nani kasema nataka afe?" Sauti yake ya tangazo ilikatika katikati, akabaki na ya kitoto. "Nataka wewe uhame. Hivyo ni vitu viwili. Yeye amenikosea nini?"

Nilidhani Mama atampiga kwa plasta. Daktari akasimama, akakung'uta makombo.

"Manahodha wengi, chombo kimekwenda mrama," akasema. "Sikilizeni. Maziwa, basi, mpaka nitakaposema. Maji ya vuguvugu yenye chumvi na glukosi, kidogo kidogo. Mumsugue tumbo, mumsimamishe, mumtembeze. Kilichomo kikitoka vizuri, atapona. Kisipotoka, msinipigie simu kulia, mchimbe tu." Alimchoma sindano moja, akaondoka na andazi la pili ambalo hatujui alilitoa wapi.

Siku ile hakuna aliyefanya kazi. Baiskeli ya mteja ililala juu chini barazani. Mama alikoroga maji ya chumvi kwa kijiko cha kupimia, hakuonja. Mke wangu alimshika Mheshimiwa mbele, mimi nyuma, tukamtembeza uani kama mlevi anayerudishwa kwake. Kuzunguka banda, kurudi, kuzunguka tena. Akianguka, shemeji, ambaye sasa alikuwa amevaa ile suruali yake ya kazini, anamlaza mapajani na kumsugua tumbo kwa viganja vyote viwili.

Mzee wa kanisa alipita, akasimama kwenye ua.

"Nimwombee?"

"Omba kimoyomoyo," Mama akamjibu. "Sala zako zikirefuka, kitu hupungua."

Mchana ukasogea. Tumbo lilikuwa gumu vilevile. Mama alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, plasta juu ya goti, anawatazama wale kondoo wengine mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayeagana na abiria. Mke wangu alimwona, akageuza uso. Shemeji naye alimwona. Akainamisha kichwa na kusugua kwa nguvu zaidi.

"Toka, bwana," akawa anamnong'oneza yule mwanakondoo. "Toa, mheshimiwa. Toa hoja yako."

Ikatoka. Kwanza upepo, mrefu, wa sauti, ambao kwa mtu mzima ungeharibu uchumba. Kisha kila kitu kilichokuwa nyuma ya upepo huo, chote, juu ya suruali ya kazini ya afisa wa maji, kutoka mapajani hadi kwenye soksi.

Shemeji hakusogea. Alinyoosha mikono yake juu kama mtu aliyefunga goli.

"Mama! Imetoka! Njoo uone!"

Tulikimbia wote. Tukainama watu wazima wanne kutazama kinyesi, na Mama akakikagua kwa umakini uleule aliokuwa anakagulia nao mchele. "Kizuri," akasema. "Kina uzito."

Maziwa yalirudi kesho yake, robo kipimo, halafu nusu. Safari hii chupa ilifungiwa kabatini na ufunguo ukatundikwa shingoni kwa Mama, na yeye mwenyewe akaomba mke wangu awe anamchunguza. Maziwa ya kopo alinyang'anywa shemeji. Alikunywa chai ya rangi na hakulalamika.

Mheshimiwa akanona tena. Kelele zikarudi, na tukagundua tulikuwa tumezikosa, jambo ambalo hatukumwambia.

Halafu ikaja ile siku. Nilikuwa barazani naziba pancha, nawaona vizuri uani. Shemeji alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na banda, anapiga mswaki, Mheshimiwa anamzunguka. Mwanakondoo akainamisha kichwa kwenye majani. Akanusa. Akauma jani moja, likaning'inia mdomoni kama sigara. Akalitafuna. Akalimeza. Akauma lingine.

Hapakuwa na mtu mwingine. Mama alikuwa jikoni, mke wangu sokoni, na shemeji hakujua kwamba mimi naona. Mswaki ulisimama mdomoni mwake. Aliangalia kule jikoni, akamwangalia tena Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa anang'oa majani kama amelipwa. Nilijua anachofikiri. Angeweza kumbeba tu na kumrudisha kwenye boksi, likizo yake iishe, mwanakondoo awe bado ni wa chupa, na mjadala wa ghorofa uendelee.

Akatema povu.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo! Anakula!"

Mama akatoka anajifuta mkono kwenye kanga. Hakukimbia. Alikuja na mwendo wa bibi harusi, akasimama juu yao.

"Anakula nini?"

"Majani."

"Kwa meno ya nani?"

"Yake, Mama."

"Nani anasema?"

"Mimi ndiye ninayesema."

"Sema kwa sauti, mkwe wangu ni shahidi na yuko mbali."

"Anakula majani!" shemeji akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Nimeshindwa! Haya, umefurahi?"

Mama aliinama kwa shida, akaegemeza plasta begani kwa mwanawe ili asianguke, akamtazama Mheshimiwa anavyotafuna. Kisha akavua ufunguo wa kabati shingoni, akamvisha shemeji.

"Majani si chakula bado, ni mazoezi tu," akasema. "Chupa ataendelea nayo mpaka meno yakomae. Likizo yako inakwisha lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi nenda kapashe maziwa. Na yai usilichemshe."